Breki za Kushoto na za Kulia

Nilisikia bati likigongwa kabla sijaona chochote. Pigo moja, kimya kidogo, pigo jingine. Mimi na dada yangu tulikuwa tunakaribia uga wa kuuzia magari nyuma ya Kondele, na ua wake wa mabati ulikuwa mrefu kutuzidi. Nilidhani ni fundi ananyoosha mlango uliobonyea. Pigo la tatu lilikuja na sauti ya mtu, sauti fupi, kama ya mbuzi anayekabwa. Dada akasimama. Kisha akasukuma lango.

Ilikuwa boneti ya gari, na kilichokuwa kikiigonga ni kichwa cha mtu.

Kichwa kilikuwa cha broka, yule tuliyekuja kuonana naye. Mwanamume mnene, mkono wake wa kushoto ukiwa ndani ya plasta hadi kwenye kiwiko, alikuwa amemkamata ukosi kwa mkono wa kulia, akimwinua na kumshusha kwa mwendo wa mtu anayetwanga. Damu ilikuwa imechora mstari kwenye rangi nyeupe, kutoka katikati ya boneti hadi kwenye taa. Mafundi walitazama wakiwa wamekaa, vikombe vya chai mkononi.

"Mteremko wa Riat," alisema yule mtu, na kumshusha. "Nikakanyaga breki." Akamshusha. "Nikakanyaga tena. Hakuna kitu. Mke wangu hatembei, bwana. Hatembei."

Alimwachilia kwa sababu tu plasta yake iligonga kioo cha pembeni na maumivu yakamkalisha juu ya gurudumu kuukuu. Akabaki hapo, ameukumbatia mkono wake kama mtoto mchanga, akipumua kwa mdomo.

Broka alisimama wima, akapangusa pua kwa mkono wa shati, akamwona dada. Akatabasamu kwa meno mekundu.

"Mama Samaki, karibu. Usishtuke, yawa. Huyu ni mteja wangu, tulikuwa tunaongea."

"Naona," dada alisema. "Mmemaliza?"

"Tumemaliza. Na umeona boneti ilivyo ngumu? Kichwa ndicho kimebonyea."

Mafundi walicheka. Dada pia alicheka kidogo, na kicheko hicho kilinitisha kuliko damu, maana nilimjua. Dada hacheki na mtu ila anapokusudia kumuuzia au kununua kwake. Kwa miaka minne alikuwa akichukua samaki ufukweni, Usenge na Luanda Kotieno, na kuwaleta Kondele juu ya mizigo ya wenye magari, akiteremshwa njiani mwenye gari akipata mzigo mnono zaidi, barafu ikiyeyuka, samaki wakilegea magamba mikononi mwake. Sasa alikuwa na leseni ya kuendesha. Wanawake watano wauzaji wa omena, dagaa wa ziwani, walikuwa wameshakubaliana naye: watasafiri pamoja, magunia nyuma, wao mbele na katikati. Gari alilolichagua ndilo hilo jeupe lenye damu. Mimi alinileta kwa jambo moja tu. Niliwahi kufanya kazi kwenye saiba, duka la kompyuta na uchapishaji, kwa hiyo, alisema, unajua karatasi.

Broka aliileta bahasha na kuiweka juu ya boneti, pembeni ya damu. "Soma, omera, ndugu yangu. Kila mwaka limekaguliwa, kila mwaka limepita. Hujawahi kuona gari safi namna hii."

Gari zuri halina karatasi safi. Gari zuri lina karatasi yenye aibu ndogo ndogo: mwaka huu taa ya nyuma haikuwaka, likarudishwa, likarudi baada ya wiki mbili limepita, mwaka uliofuata mpira wa usukani ulikuwa umepasuka, ukabadilishwa. Ukisoma karatasi kama hizo unamwona mwenye gari, mtu aliyekemewa akasikia. Gari lisilowahi kukosea popote ni kama mtu asiyewahi kuugua tangu azaliwe. Ama ni mgeni hapa duniani, ama anadanganya.

Na kuna breki. Gari hupandishwa juu ya mashine, magurudumu yanazungushwa, dereva anakanyaga, na mashine inaandika nguvu ya kila gurudumu. Kushoto na kulia hazilingani kamwe. Zinakaribiana, kama miguu ya mtu, lakini mmoja siku zote una nguvu kuliko mwenzake. Mwaka hadi mwaka tarakimu zinashuka kwa sababu breki zinalika. Zikipanda ghafla, ujue zimebadilishwa. Breki zinazofanya kazi haziwezi kuandika jambo lile lile mara mbili.

Niliziweka karatasi tatu bega kwa bega. Gurudumu la mbele kushoto: tarakimu ile ile, miaka mitatu. Mbele kulia: ile ile, miaka mitatu. Na kwenye zote tatu, saba mbili za tarakimu hizo zilikuwa zimeinama kidogo kulia, kana kwamba upepo wa ziwa ulikuwa umezipuliza.

Nilizijua saba hizo. Niliziinamisha mimi.

Nilikuwa nimekaa kwenye saiba miaka miwili, karibu na stendi ya bodaboda, nikichapisha wasifu wa watafuta kazi na matangazo ya matanga. Mabroka walikuja na karatasi za ukaguzi za mwaka uliopita. Badilisha tarehe, walisema. Badilisha kilomita. Nilikuwa na karatasi moja iliyoskaniwa vibaya, ikalala upande kidogo, yenye tarakimu nzuri za breki, nami nilizikata humo na kuzibandika kwenye karatasi za magari ambayo sikuwahi kuyaona. Nilijiambia kwamba mimi ni vidole tu. Vidole haviendeshi gari.

"Dada," nilisema. "Hizi namba za breki zinafanana miaka yote. Haiwezekani."

"Mashine ni moja," broka alisema. "Gari ni moja. Zisifanane kwa nini?"

"Breki zinalika."

"Omera, umekuwa makanika lini?" Aliwageukia mafundi. "Mtoto wa karatasi ananifundisha breki."

Dada alikuwa ameshafungua mlango wa gari na kukaa. Alishika usukani kwa mikono yote miwili. Sijawahi kuuona uso wake ukiwa laini hivyo. "Wewe huogopa kila kitu," aliniambia. "Ukiambiwa maji ni ya moto, unaogopa mpaka kikombe. Huyu baba ameendesha vibaya Riat, basi mimi nikae miaka mingine minne juu ya magunia ya watu?"

"Mwambie," broka alisema.

"Imeandikwa limepita?" dada aliniuliza.

"Imeandikwa."

"Basi."

Aliingiza mkono kwenye mkoba. Niliwaona wale wanawake watano ndani ya gari, vitambaa kichwani, magoti yamebanana, wakishuka Riat asubuhi na mapema. Nilimwona dada akikanyaga. Nilisema kabla sijajua nimeamua.

"Dada, karatasi hizi niliziandika mimi."

Broka alinitazama, na nikaona ananikumbuka. Kisha yule mwenye plasta akainuka kwenye gurudumu. Alikuja polepole, akatoa karatasi kwenye mfuko wa shati, imekunjwa mara nne, pembe moja ina doa la kahawia. Akaifungua kwa mkono wake mmoja na kuilaza juu ya boneti, kando ya zangu. Alifuata mistari kwa kidole, kama mtu anayesoma jina kwenye jiwe la kaburi. Mbele kushoto. Mbele kulia. Saba zilizoinama.

"Hii pia?" aliuliza.

Nilitaka kusema sijui. "Hii pia," nikasema.

Alinipiga kwa mkono uliovunjika. Sidhani aliuchagua, wa kulia ulikuwa bado umeshikilia karatasi. Plasta ilinipata mdomoni na ikapasuka, na sisi sote wawili tukapiga kelele, yeye kunishinda. Nilianguka kwa magoti kwenye changarawe, nikahisi jino likizunguka juu ya ulimi kama punje ya mchele isiyoiva. Alinipiga tena, kwa mkono ule ule, akilia. Broka naye alinijia kwa mateke. Yeye hakulia. Alinipiga teke la mbavuni, na la pili, akisema maneno kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayetoa maelekezo. "Mdomo. Mdomo. Mdomo wako."

Kupitia katikati ya miguu yao nilimwona dada akishuka kwenye gari. Aliufunga mkoba. Aliinama, akaokota spana ndefu ya kufungulia magurudumu, na nikafikiri, sasa ni zamu yake kunipiga. Alinipita. Aliizungusha kwa mabega yote, jinsi anavyoyavunja mabonge ya barafu ufukweni, na kioo cha mbele cha gari jeupe kikatoboka na kuporomoka ndani, juu ya usukani aliokuwa ameushika. Akapiga taa moja. Akapiga ya pili.

Broka aliniacha. Alikwenda kuelekea kwake hatua mbili, akaiona spana, akasimama.

"Sasa nenda ukaliandikie karatasi ya haya pia," dada alimwambia.

Mafundi hawakucheka safari hii. Yule mwenye plasta alikuwa amekaa chini kabisa, vipande vyeupe mapajani, akiziokota karatasi zote nne na kuzikunja pamoja. Hakuna aliyemzuia. Dada alinishika nyuma ya shati, akaniinua, akanitoa langoni.

Chumba changu kiko Manyatta, mwendo mfupi kwa miguu. Jua lilikuwa bado kali. Alichemsha maji, akatia chumvi, akanisafisha mdomo kwa kona ya leso yake. Mikono yake ilinuka samaki, ngege, kama siku zote, na haikuwa na pupa wala upole. Nilitema jino kwenye kikombe.

"Ulifanya ngapi?" aliuliza.

"Sikuhesabu."

"Wengine walinunua."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unapita pale Kondele kila siku, magari uliyoyaandikia yanapita, na wewe unakula mahindi ya kuchoma."

Alikamua leso, akaitundika kwenye kamba dirishani, akafunga mkoba wake kifuani jinsi anavyoufunga asubuhi za safari. Kesho yake ingebidi asimame tena barabarani na masanduku yake ya barafu, akiomba nafasi.

"Nijibu kitu kimoja," alisema. "Ningekuwa si mimi. Angekuwa mwanamke mwingine tu, amekuja kununua, na wewe umepita pale. Ungesema?"

Nilifungua mdomo. Damu ilikuwa imejaa tena chini ya ulimi, na ningeweza kusingizia hiyo. Niliimeza. Alisubiri. Nje mtu alikuwa akiita wateja wa maji. Alisubiri zaidi ya nilivyostahili, macho yake usoni mwangu, akitafuta hapo neno moja dogo, na mimi nikatazama chini kwenye kikombe.

Mlango wangu unakwama sakafuni. Usipouinua kidogo haufungi. Dada alitoka, akageuka, akauinua kwa mikono miwili, akaufunga.