Kuruthum na Sinia la Halua

Swafiya wa chumba cha mwisho ndiye aliyelianzisha. Alisema Kuruthum kachanganyikiwa, ati mumewe kaoa tena huko Tanga, ndiyo maana kila akimaliza kula huenda na kurudi koridoni kama mtu aliyepoteza ufunguo.

"Mama Aiman, funga mlango wako," aliniambia. "Mwenye mawazo hivyo hujui atafanya nini."

Mlango sikuufunga. Mwaka ule, 2014, Aiman wangu alikuwa anaota meno, halali mpaka atembezwe, na nje jua la Agosti lilikuwa halifai kwa mtoto. Kwa hiyo nami nilikuwa mtu wa korido. Tukawa tunapishana, mimi na mtoto begani, yeye kajifunga kanga kiunoni, mpaka siku moja akacheka.

"Wewe unamtuliza mwanao. Mimi natuliza sukari."

Kuruthum ni mtu wa Pangani, mshonaji wa mabuibui kwenye duka lililo chini ya jengo letu hapa Satwa, Dubai. Kliniki walimwambia sukari imeanza kupanda, bado hajafika pa kupewa dawa. Apunguze wali, aache soda, atembee akishakula, kisha arudi wampime. Kutembea hakukumsumbua. Kilichomnyima raha ni macho. Jioni tundu la sindano lilikuwa linamkimbia, na mamake mzazi alipofuka kwa sukari hiyo hiyo, akawa wa kushikwa mkono kwenda msalani.

"Bila macho mimi nani hapa Dubai?" aliniuliza. "Arbab, mwenye duka, atanikatia tikiti ya kurudi kwetu siku hiyo hiyo."

Basi hakutulia. Akikaa, anainuka. Wali akaupunguza, sahani akaijaza mchicha na samaki. Kibanda cha chai ya karaki, yenye maziwa na sukari tele, akawa anakipita huku kageuza uso. Nyumbani alikunywa ya rangi, kavu, bila sukari.

Siku ya kupimwa nilimsindikiza. Sukari haikushuka hata kidogo. Nesi Teresiah, Mkenya, akamtazama.

"Dada, chai unakunywa na nini?"

"Kavu. Natafunia tende tu."

"Ngapi?"

"Tende nazo zinahesabiwa? Si sunna hiyo?"

"Sunna ni sawa, dada, lakini ni sukari pia. Mwili hauulizi imetoka wapi."

Kuruthum akafungua mkoba, akatoa mfuko mzima. "Hizi ni za leo," akasema polepole. Teresiah akauma mdomo asicheke. Akamwambia ale moja au mbili, tena si kwa kila kikombe, na njaa ikimbana atafune njugu zisizo na chumvi.

Njiani alikuwa anahesabu siku kwa vidole. Nilijua anawaza Ijumaa. Bi Ummulkheir, Mzanzibari wa siku nyingi anayekaa mtaa wa Al Twar, alikuwa na maulidi yake ya kila mwaka, na kwake hakuna atokaye bila kuonja halua. Ukilirudisha sinia lake utasemwa mpaka maulidi mengine. Ya mwaka jana Kuruthum hakwenda. Akikosa na haya, Swafiya atakuwa na ushahidi wake.

Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, nikamkuta koridoni, hatua zake za haraka kuliko siku zote. Akasimama, akampapasa Aiman mgongoni.

"Kesho sinia la halua utapitisha wewe?"

"Mimi. Si ndimi mdogo wenu wote?"

"Ukinifikia, nipite."

"Nikupite vipi, dada?"

"Nipite tu. Usinitazame, usininong'oneze. Mpe aliye kulia kwangu, kisha wa kushoto."

"Mbele ya Swafiya? Atasema tumegombana."

"Aseme. Hilo nitalivumilia." Akautazama mkono wake wa kulia, wa kushikia sindano. "Huu ndio nisiouamini. Halua ikifika mbele yangu, mkono huu utaichukua. Nakuomba, mama Aiman, usiifikishe."