Wapangaji wa Mgunga

Hebu mfikirie Bi Mwanaesha akipanda ngazi za nyumba yao ya Mji wa Kale, kajitwisha sufuria iliyojaa udongo, mvuke ukifuka hadi kwenye leso yake. Ndiyo, udongo. Ametoka kuupika.

Alikuwa muuza asumini na mrehani, akiotesha kwenye makopo juu ya paa, na hakuna kopo lililotiwa udongo mbichi. Mrehani huingia kwenye kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia, na kikuba huvaliwa. Nani ataka mdudu amtambae siku ya harusi?

"Shoga, leo twala pilau ya mchanga?" jirani yake Swabaha humtania.

"Njoo na kachumbari yako."

Mwaka 1996 akaja Mwalimu Nicodemus, mwalimu wa sayansi aliyekaa mtaa wa Buxton. Kaka yake, mchimba visima upande wa Garissa, alikuwa amemtumia mbegu thelathini za mgunga na kifuko cha udongo wa chini ya mti huo.

"Sabalkheri, Mama. Mti wenyewe umekatwa makaa. Mbegu zake ni hizi tu, na wenyeji wanataka kivuli kile kirudi kisimani."

"Mti wa jangwani hauna makuu, Mwalimu. Niachie."

Akapika udongo kama kawaida yake, na ule wa kifukoni akauweka kando. Mbegu zote zikaota. Lakini baada ya miezi miwili miche ilikuwa na urefu wa kidole, majani manjano. Akatia samadi, wapi! Akaongeza maji, ikazidi kunyong'onyea. Ikawa hapati usingizi: miche hii ikifa, mgunga ule hauna mrithi.

Mwalimu akaja kuitazama. Alipozunguka nyuma ya tangi la maji, akapaza sauti.

"Na huu?"

Mche mmoja, mrefu kama mkono, kijani kibichi. Bi Mwanaesha akaona haya.

"Huo usiutazame. Udongo niliopika ulipungua, nikajaza kopo la mwisho kwa ule wako, mbichi, mchafu. Nikauficha watu wasinicheke."

"Mama, huo mchafu ndio uliostawi!"

Kesho yake akarudi na hadubini ya kuazima. Wakaosha udongo kidogo wa kopo lile, wakauchuja kwa kitambaa cha kuchujia tui. Bi Mwanaesha akakaza jicho. Akaona viduara: kimoja cha njano kama mtama, kingine cheusi kama pilipili manga, kingine cheupe kama sagu iliyoiva.

"Mbegu za kuvu," Mwalimu akasema. "Kuvu hawa huingia mizizini, wakatandaza nyuzi nyembamba kuliko unywele, wakauletea mti maji na chakula kutoka mbali. Mti nao huwalipa sukari."

"Kumbe wapangaji!"

"Wapangaji wema. Wewe wako uliwachemsha."

"Astaghfirullah! Na ni wa namna ngapi?"

"Hapa naona tatu. Huko jangwani, sijui."

Kifuko kilikuwa kitupu. Njia iliyobaki ni kuikata mizizi ya mche ule mmoja na kuigawia mingine ishirini na tisa. Mwalimu akasita.

"Na ukifa?"

"Ukibaki peke yake utakuwa msitu?" Bi Mwanaesha akashika mkasi. Akakata nusu ya mizizi, kila kopo likapata kipande na udongo wake.

Mche ulipukutisha majani wiki nzima, kisha ukachipua. Katika ile mingine, ishirini na mmoja ikafufuka. Ila haikufanana. Mingine ilirefuka upesi, mingine ikabaki mifupi. Bi Mwanaesha, kwa kutaka kujua tu, akaikatia maji siku kumi na mbili. Mirefu ikalala, mifupi ikasimama kama haikuambiwa kitu. Hadubini ikaonyesha udongo wa mirefu umejaa viduara vya njano, wa mifupi vyeusi. Vyeupe vilionekana huku na huku, na kazi yake hakuna aliyeijua.

Gari la kwenda Garissa lilikuwa na nafasi ya makopo kumi tu.

"Tupeleke mirefu," Mwalimu akasema, "mbuzi wasiifikie upesi."

"Na mvua ikikosa?" Bi Mwanaesha keshakumbatia kopo la mfupi.

"Mfupi mbuzi mmoja aumaliza kwa mng'ato mmoja, Mama!"

Dereva akapiga honi chini. Nawe, msomaji wangu, ungepakia ipi?