Kazi ya Kutogusa Chuma

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa amri moja tu: nisiguse chuma. Jimu lenyewe, ukumbi wa kunyanyulia vyuma, lilikuwa banda la mabati hapa Mpanda mjini. Nilikuwa nimetoka kupakia mpunga kwenye malori, nikaona ni dharau. Mtu mwenye mabega kama yangu aajiriwe asimame tu?

Kocha Mkuu, mstaafu wa jeshi aliyeongea polepole, aliniweka nyuma ya kijana mmoja mwenye chuma mabegani. Kijana akachuchumaa, akakwama wakati wa kuinuka. Mikono yangu ikaenda yenyewe, nikamwinua.

"Umemwibia," Kocha akasema.

"Nimemsaidia, Kocha."

"Hapa hukuajiriwa kusaidia. Umeajiriwa kuokoa. Akianguka, mdake. Akihangaika, mwache ahangaike."

Kwa nyie ambao hamjawahi kuona shindano la kunyanyua vyuma: mitindo ni mitatu. Kwanza unachuchumaa na chuma mabegani mpaka nyonga zishuke chini ya magoti, ndipo unainuka. Pili unalala kwenye benchi na kukisukuma kutoka kifuani. Mwisho unakinyanyua toka sakafuni hadi usimame wima. Kila mtindo una majaribio matatu, na ukiyakosa yote katika mtindo mmoja umetoka shindanoni. Waamuzi huinua vibendera, cheupe kwa halali, chekundu kwa batili. Mimi nilikuwa mlinzi, yule anayesimama nyuma ya mnyanyuaji. Mlinzi akigusa chuma kabla Mwamuzi Mkuu hajasema "Pokea!", jaribio limekufa.

Kwetu kazi hiyo ni ngumu, maana huku mtu haachwi na mzigo wake. Ukimkuta mama anahangaika na gunia, unamtwisha kwanza, salamu baadaye. Nilipopelekwa Mishamo kufundisha wakulima kuwa walinzi, walinishinda kabisa. Walishika chuma huku wakisema pole. Afisa Michezo wa huko alinicheka. "Unawafundisha watu roho mbaya, mzee."

Baadaye likaja shindano la Kibaoni, la kuchagua timu ya mkoa. Nyamizi, binti wa wakulima wa mpunga wa Majimoto, alikuwa ameshakosa majaribio mawili ya kuchuchumaa kwa kutoshuka vya kutosha. Baba yake alishasema akishindwa safari hii, vyuma basi, arudi shambani. Likabaki jaribio moja.

Nikasimama nyuma yake. Akashuka vizuri. Akaanza kupanda, akakwama katikati, miguu inatetemeka.

"Nyie watu gani?" sauti ikapasuka kutoka benchi la mbele. "Mtoto anakufa na mzigo mnamwangalia!"

Kabla sijageuka, mama yake alikuwa jukwaani, kitenge kinamdondoka, ameshika ncha ya chuma. Chuma kikapanda. Watu wakashangilia. Vibendera vitatu vyekundu vikainuka.

"Kosa langu nini?" Mama Nyamizi akauliza. "Kumtwisha mwanangu?"

Mwamuzi Mkuu, mwanamke asiyecheka ovyo, aliteta na wenzake. Kanuni inasema mnyanyuaji akiingiliwa na mtu wa nje anapewa jaribio jingine. "Atarudia," akasema. "Lakini huyu mama akiinuka tena, binti ametoka."

Nikaenda kumwelewesha. "Mama, ukimgusa, hajainua yeye. Umeinua wewe."

"Na akivunjika?"

"Nipo nyuma yake."

"Wewe mwenyewe humgusi!"

"Akianguka nitamdaka kabla yako."

Alinitazama kama anayemtazama mwizi wa kuku, lakini akakaa.

Nyamizi akapumzishwa, akarudi. Akashuka. Akapanda, akakwama palepale. Watu wakapiga kelele, "Simama! Simama!", utadhani kabeba mto wa kulalia. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi nilisikia pumzi yake ikikatika, mikono yangu imebakiza kidole kimoja kufika kwenye mwili wake. Niliogopa sana, sifichi.

Ndipo nikamsikia mama yake. Alikuwa amekalia mikono yake mwenyewe, machozi yanamtoka. "Asiguswe! Mwacheni! Asiguswe!"

Nyamizi akasimama.

"Pokea!"

Vyeupe viwili, chekundu kimoja. Inatosha. Mitindo iliyobaki haikumsumbua, na jioni jina lake likasomwa kwenye timu ya mkoa. Nililia, nikasingizia vumbi.

Sasa nimestaafu. Vijana huniuliza kazi ile ilinifunza nini, nami huwaambia ilinifunza kusimama karibu. Hawaridhiki na jibu hilo.

Majuzi nilikwenda Majimoto kununua mchele kwa Mama Nyamizi. Nikajitia bado nina nguvu, nikabeba kiroba mwenyewe kukipeleka kwenye bodaboda. Katikati ya ua magoti yakagoma. Mama Nyamizi akaja mbio, akasimama nyuma yangu, mikono ameifungua, hajagusa kitu.

"Kaza, baba! Nipo nyuma yako!"

"Mama Nyamizi," nikamwambia, "hapa hakuna mwamuzi. Nitue."