Filta Niliyoiandika Tarehe

Mguu wangu wa kulia ulifia ndani ya pikapu iliyozima katikati ya mlima, na dawa ya ile pikapu nilikuwa naijua.

Sikusema. Niiteni mjinga, ila someni mpaka mwisho.

Mimi ni fundi magari. Marehemu baba pikapu yake ya dizeli alimwachia mdogo wangu, mtu asiyejua hata kushika spana. Mimi niliyeihudumia injini ile miaka kumi na miwili nikaachiwa koti. Roho iliniuma, sifichi.

Asubuhi moja dogo akaja gereji, filta mpya mkononi.

"Kaka, ikipanda mlima inakata pumzi. Wanasema ni filta ya dizeli."

"Niachie. Uje jioni."

Alipoondoka, ile mpya nikaitupia kabatini, chini ya matambara. Ya zamani, iliyoziba kwa uchafu, nikaifuta nje mpaka ikang'aa, nikairudisha. Sisi mafundi tukibadilisha filta huwa tunaiandika tarehe. Nikaandika ya siku hiyo kwa wino mzito.

Nilitaka gari limuaibishe kwa wateja anaowabebea mizigo mpaka alichoke, aniachie. Basi.

Jioni dogo akanikuta chini ya gari lingine. Nikajivuta nimsalimie, nikagonga jeki. Gari likanikalia mguu.

Yeye na majirani wakaliinua. "Kaka, kitambaa kiko wapi?"

"Kabatini!" nikapiga kelele.

Akanifunga mguu, akanipakia kiti cha mbele. Hospitali iko ng'ambo ya mlima.

Katikati ya mlima injini ikakohoa, ikazima. Barabara tupu, simu hazishiki mtandao. Dogo akafungua boneti.

"Kaka, itakuwa nini?"

"Angalia betri."

Akaangalia. Akashika waya moja moja.

"Na filta je?"

"Si nimebadilisha? Tarehe huioni?"

"Naiona."

Akaja dirishani, akanitazama. "Hakuna kitu umesahau kuniambia?"

"Hakuna."

Aliniuliza mara tatu. Mara ya tatu vidole vya mguu sikuvisikia tena. Nikawaza, nikisema atanionaje? Nikauma meno.

Tulikaa pale zaidi ya saa nzima mpaka lori likatuokota.

"Mngewahi kwa saa moja tu, mguu ungepona," daktari alisema kabla ya kuukata.

Siku ya tatu dogo akaja wodini. Akaweka kitu juu ya kimeza changu. Filta mpya, bado ndani ya boksi lake.

Ndiyo ile niliyoificha.

"Niliiona nilipokuwa natafuta kitambaa," akasema taratibu. "Nikaja nayo. Ilikuwa chini ya kiti ulichokalia."

"Sasa kwa nini hukuifunga?"

"Mimi spana siijui, kaka. Ungenielekeza, zingetosha dakika kumi. Nilikuwa nasubiri useme."

"Ukaniacha mguu ufe?"

"Nilikuuliza mara tatu."

Akatoa funguo za pikapu, akaziweka juu ya boksi. "Si ulikuwa unaitaka? Chukua." Akaondoka, na hajarudi mpaka leo.

Wewe unayesoma, kama umemfanyia nduguyo ubaya na akakuuliza, sema palepale. Aibu ningeizoea. Kukosa mguu sikuzoei, na yeye simpati kwenye simu.

Pikapu iko uani kwangu, filta nimeibadilisha kwa mikono yangu. Inawaka vizuri sana. Pedali ya mafuta inakanyagwa kwa mguu wa kulia.