Siku Tuliyotia Utupa Kijitoni

Juzi sokoni Biharamulo, muuza samaki alimfunua sato shavu akaniambia, "Mama, tazama mwenyewe, bado jekundu." Nikanunua wawili harakaharaka, nikaondoka. Unajua, nikiona shavu la samaki limefunuliwa narudi Mbuba, kwenye kijito kilichopita chini ya migomba yetu, nikiwa darasa la tano.

Mjomba alipenda kula samaki, ila hakupenda kazi ya kuvua. Jumamosi moja alinipa majani ya utupa, mmea wa kulewesha samaki, nikayaponda juu ya jiwe mpaka viganja vikawasha. Tulipoyamwaga majini, hatukungoja sana. Samaki walipanda juu, midomo wazi, mashavu yakipigapiga bure. Mwalimu alitufundisha kwamba samaki humeza maji, akayapitisha mashavuni, na damu ikachukua hewa iliyomo. Sasa maji yalipita, lakini hewa haikuwafaa kitu. Nikawa nawapiga vichwani kwa fimbo, nikicheka.

Tungali tunaokota, jirani yetu akateremka na wanawe wawili, wafugaji waliotoka Shinyanga. Ndama wao alikuwa amekunywa maji upande wa chini wa kijito, akaanguka.

"Nani katia sumu?"

"Mimi," mjomba akajibu, kabla sijafungua mdomo.

Fimbo ya kwanza ilimpasua sikio. Ya pili ikamwangusha majini. Yule baba akamkalia mgongoni, akamzamisha uso. "Haya, pumua! Pumua kama samaki!"

Niliona mapovu, kisha sikuyaona tena. Nikapiga yowe. Bibi alikuja mbio na mpini wa jembe, yeye ambaye hata kuku alimwomba mtu amchinjie, akampiga yule baba begani mpaka nikasikia mfupa ukivunjika.

"Mwachie mwanangu!"

Mjomba alitapika maji na damu, akavuta pumzi kwa mlio ambao sijausikia tena.

Wazee walitupatanisha. Tulilipa mbuzi, tukanywa pombe ya ndizi pamoja. Hakuna aliyeuliza nani aliponda majani.

Leo kijito ni mchanga mtupu, labda mvua inyeshe. Majirani walihamia Nyamahanga na ng'ombe wao. Bibi tulimzika. Mjomba aliishi miaka mingi, lakini hakuinamisha tena uso kwenye maji. Alinawa kwa kitambaa kibichi, taratibu, hadi alipofariki, nami sikuwahi kumwambia ahsante.