Msomaji wa Serikali

Kaka yangu ameajiriwa na serikali kufungia habari za mtandaoni. Anasoma kutwa nzima, miwani puani, ili sisi tusisome. "Kazi ni kazi," husema, tena bila haya.

Juzi muuguzi mmoja aliandika kwamba zahanati ya mtaani kwetu imeishiwa dawa ya sukari. Kaka akabonyeza, habari ikatoweka, akamalizia chai yake.

Jana sukari ya mama ikapanda. Nikamshika mkono twende zahanati.

"Huko hakuna dawa," kaka akasema. "Tumpeleke hospitali kubwa."

Teksi yetu ilipopita zahanati, majirani walikuwa kwenye foleni tangu alfajiri. Mama akawapungia, kisha akamgeukia kaka.

"Mwanangu, mbona hawa hukuwaambia?"