Majivu ya Samaki kwenye Shamba la Karanga

Bado nina hasira na ule mfuko. Ulikuwa na picha ya hindi la manjano, na chini yake maandishi ya Kifaransa yaliyosema waziwazi kwamba mbolea hiyo ni ya mahindi. Niliyasoma. Mtaani kwetu Kalemie, wakati wa Zaire, mimi ndiye niliyekuwa mtu wa kusoma: nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu Lubumbashi na diploma ya fasihi ya Kifaransa, jambo lililonifanya, machoni pa monitere, afisa wa kilimo wa serikali, mtaalamu wa karanga.

Monitere alikuja siku ya salongo, ile kazi ya umma ya lazima, koti lake la abakosti limefungwa hadi kooni katika jua lile, akaamuru kila shamba litiwe mbolea nyeupe ya mfuko ule. Mama hakutaka. Kila mwaka, karanga zilipotoa maua na vile vijiti vyembamba vinavyozaa karanga vikaanza kuinama kuingia udongoni, alinyunyizia majivu aliyokusanya kwenye majiko ya kukaushia samaki ufukweni. Akishavuna, majani aliyaacha yaozee humo humo. Monitere aliyaita hayo yote uchafu.

“Mama,” nikasema, “majivu njo ya kusugulia sufuria.”

Nilijivunia sentensi hiyo siku nzima. Tena nilimhakikishia mavuno mara mbili, hata akapanda mbegu zake zote bila kubakiza kopo moja.

Majani yakastawi ajabu. Monitere akayapima kwa fimbo, akaandika ripoti ya ushindi, nami nikamsahihishia Kifaransa. Kisha tukang'oa. Ganda baada ya ganda lilikuwa tupu, na punje chache zilizokuwamo zilikuwa zimenyauka, hazifai mafuta wala mbegu. Mama alibonyeza ganda moja, akabonyeza lingine, akajifuta mikono kwenye kitenge.

“Muzuri,” akasema. “Mwaka huu tutakula ripoti.”

Nilimfuata monitere bironi, ofisini kwake. Alinijibu, bila kuinua macho, kwamba ripoti imeshatumwa, na kwamba labda mama hakupalilia. Mama yangu, aliyeng'oa majani mabaya hata njiani akienda kanisani. Nilimshukuru, nikatoka. Kwa hilo sijajisamehe.

Tukapanda treni hadi Niemba kwa mama mdogo kuomba mbegu. Mama akamwambia kwamba mvua ndiyo iliyoozesha karanga. Nilikaa pembeni nikimwacha aseme uongo kwa ajili yangu.

“Mvua?” Mama mdogo akaangalia viatu vyangu vya chuo. “Mbegu nitakupa, yaya,” akamwambia dada yake mkubwa. “Lakini huyu asisome tena kitu shambani.”

Msimu uliofuata nilibeba majivu kichwani, beseni baada ya beseni, mbele ya wachuuzi wote wa samaki, nikikohoa. Shambani, Mama alitangulia mstarini na kila alipogeuka alinionyesha kwa kidole mmea nilioruka. Hasira yangu kubwa nimempa monitere, kwa kuwa hayupo kujitetea. Iliyobaki najua ni ya nani.